Akiba ya mwili ndani ya metali: Uchawi wa riwaya unaomtoza mtu kabla ya kumpa

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema akiba haiozi. Walipoyatamka maneno hayo walikuwa wakiifikiria nafaka ghalani, na waliokuja baada yao wakaifikiria fedha iliyotumbukizwa kwenye kibubu. Lakini je, ingekuwaje kama binadamu angeweza kuweka akiba ya nguvu za misuli yake, ya uwezo wa macho yake, ya joto la mwili wake au ya kumbukumbu zake, kisha akaichukua akiba hiyo siku ya shida?

Swali hilo ndilo msingi wa mojawapo ya mifumo ya uchawi inayozungumzwa sana miongoni mwa wasomaji wa riwaya za kifantasia. Mfumo huo, unaoitwa ferukemia, ulibuniwa na mwandishi wa Marekani, Brandon Sanderson, na ulijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 2006 katika riwaya yake ya Mistborn: The Final Empire.

Ni vyema ikaelezwa mapema kwamba neno uchawi katika makala haya halina uhusiano na kurogana wala kupiga ramli. Hapa linatumika kwa maana ya nguvu za ajabu zilizobuniwa na mtunzi kwa ajili ya dunia ambayo haipo, na ambazo hufuata kanuni kama vile maji yafuatavyo mkondo.

Jambo linaloutofautisha mfumo huu na mingine mingi ni kwamba hauzalishi kitu chochote kipya. Kila nguvu anayoitumia mhusika leo aliilipia mwenyewe jana, kwa kukubali kuwa dhaifu. Haukopeshi wala hautoi zawadi. Unachofanya ni kuhamisha tu, kutoka siku moja ya maisha ya mtu kwenda siku nyingine ya maisha ya mtu huyo huyo.

Mwandishi wa zamu ya usiku

Sanderson alizaliwa Desemba 19, 1975 katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Brigham Young University, alifanya kazi ya zamu ya usiku katika mapokezi ya hoteli, na saa ambazo wageni walikuwa wamelala alizitumia kuandika. Aliandika riwaya moja baada ya nyingine bila kupata mchapishaji. Elantris, iliyotoka mwaka 2005 na kuwa ya kwanza kuchapishwa, ilikuwa ya sita kwa mpangilio wa kuandikwa.

Mwaka uliofuata ilitoka The Final Empire, ikafuatiwa na The Well of Ascension mwaka 2007 na The Hero of Ages mwaka 2008. Mwaka huo wa 2007 alifariki dunia Robert Jordan, mtunzi wa mfululizo mrefu wa The Wheel of Time, akiwa hajaukamilisha. Mjane wake, Harriet McDougal, alimchagua Sanderson aimalizie kazi hiyo, na kitabu cha mwisho kilitoka mwaka 2013.

Machi 2022 mwandishi huyo alishangaza wengi alipotangaza kwamba wakati wa janga la Uviko-19 alikuwa ameandika riwaya kadhaa kwa siri. Aliwaomba wasomaji wachangie moja kwa moja uchapishaji wa nne kati ya hizo kupitia mtandao wa Kickstarter, na ndani ya mwezi mmoja zilipatikana zaidi ya dola milioni 41 za Marekani. Kwa namna fulani, mtu aliyekuwa akijaza makabati kwa miswada isiyo na mnunuzi alikuwa ameishi maisha ya wahusika wake: alidunduliza kwanza, mavuno yakaja baadaye.

Kibubu kisichotoa riba

Katika dunia ya Mistborn, uwezo wa ferukemia hurithiwa. Wanaozaliwa nao hutoka katika jamii ya watu wa Terris, watu wa nchi ya milimani ambao walitawaliwa na kudhalilishwa kwa karne nyingi. Mwenye uwezo huo huvaa pete, bangili, vikuku au hereni za metali mbalimbali. Kwa macho ya mpita njia hayo ni mapambo tu. Kwa mwenyewe, kila kimoja ni kibubu.

Utaratibu wa kuweka akiba ni huu. Tuseme mtu anataka kuhifadhi nguvu za mwili. Huvaa bangili ya metali inayohusika, akaamua kuijaza. Papo hapo misuli yake husinyaa na mikono yake hulegea. Akiamua kuhifadhi nusu ya nguvu zake kwa saa nane, basi kwa saa zote nane atakuwa na nusu ya nguvu zake za kawaida. Atashindwa kuinua ndoo anayoiinua kila siku, na ngazi za nyumba zitamchosha.

Siku ya kuchota ikifika, mambo hugeuka. Misuli huvimba na mtu yule yule aliyekuwa akitetemeka kwa udhaifu huvunja mlango kwa bega. Akitaka kuwa na nguvu moja na nusu, akiba yake itamtosha saa nane. Akitaka nguvu za watu wawili, itamtosha saa nne. Hesabu ni ya shule ya msingi: kilichoingia ndicho kinachotoka.

Hata hivyo, kuna sharti linaloumiza. Anayechota kwa pupa hupata hasara. Kwa hesabu ya kawaida, mtu aliyetajwa hapo juu angeweza kuwa na nguvu za watu watano kwa saa moja. Lakini katika mfumo wa Sanderson, kadiri mtu anavyotaka kingi kwa muda mfupi ndivyo sehemu ya akiba inavyopotea njiani, na saa hiyo moja haifiki. Anayechota taratibu hunufaika zaidi kuliko anayekiminya kibubu chote kwa dakika chache. Shida ni kwamba hatari haina subira, na mara nyingi mhusika hulazimika kuteketeza katika nusu saa kile alichokikusanya kwa miezi.

Yapo masharti mengine mawili. La kwanza, metali lazima iguse mwili; pete ikivuliwa, akiba iliyomo haifikiki, ingawa hata metali iliyomezwa huhesabika kuwa inagusa. La pili, kibubu ni cha aliyekijaza. Mwizi akiiba bangili iliyojaa nguvu za miaka kumi, ameiba kipande cha metali tu. Katika vitabu vya baadaye mwandishi anaonyesha njia ya nadra ya kulikwepa sharti hili la pili, lakini kwa watu wa kawaida wa dunia hiyo linabaki palepale.

Kila metali na kazi yake

Sanderson hakuacha kila metali ihifadhi chochote. Kila moja imepewa sifa yake, na kila sifa ina gharama yake inayoeleweka.

Chuma huhifadhi uzito. Anayekijaza huwa mwepesi, na akiruka kutoka ghorofani hutua kama jani. Anayechota huwa mzito hata sakafu ikalia chini ya miguu yake. Chuma cha pua huhifadhi kasi ya mwili: ukitaka kukimbia kama swala wiki ijayo, leo utatembea kama kinyonga.

Bati huhifadhi milango ya fahamu, na kila mlango unahitaji kibubu chake. Anayeweka akiba ya kuona huishi katika ukungu, na anayeweka akiba ya kusikia huuliza kila neno mara mbili. Nguvu za misuli huhifadhiwa katika mchanganyiko wa bati na risasi.

Zinki huhifadhi wepesi wa fikra, na wakati wa kuijaza mtu huonekana mzito wa kuelewa. Mchanganyiko wa shaba na zinki huhifadhi joto la mwili, hivyo mtu hutetemeka kwa baridi juani ili asigande usiku wa barafu. Mchanganyiko wa shaba na bati huhifadhi ukesha. Anayeujaza husinzia mchana kutwa, na siku ya kazi hukesha bila kupiga miayo. Shaba yenyewe huhifadhi kumbukumbu, nayo tutairudia.

Dhahabu huhifadhi afya, na huenda ndiyo ghali kuliko zote. Ili kuijaza ni lazima mtu akubali kuugua: homa, kikohozi, mwili kuuma, siku nyingi kitandani. Faida yake ni kwamba siku akichomwa kisu, jeraha hufunga mbele ya macho ya adui.

Nyingine ni za ajabu zaidi. Ipo inayohifadhi pumzi, na ipo inayohifadhi nishati ya chakula, ambapo mtu hula karamu nzima bila kunenepa, kisha akakaa bila chakula kwa muda mrefu. Mchanganyiko wa dhahabu na fedha huhifadhi ari. Anayeujaza hupatwa na unyonge wa moyo hata kuamka kitandani ikawa kazi. Kromi huhifadhi bahati, na alumini huhifadhi utambulisho wa mtu, yaani kile kinachomfanya awe yeye.

Ukiitazama orodha hii kwa utulivu utaona kwamba mwandishi amefanya kazi ya mhasibu. Kila safu ya mapato ina safu yake ya matumizi. Msomaji anapomwona mhusika akimshinda jitu kwa mkono mmoja, hana haja ya kuuliza nguvu zimetoka wapi. Anajua kwamba kuna siku, pengine kurasa mia mbili nyuma, mtu huyo alikuwa akijikokota.

Wahifadhi wa Terris

Uzito halisi wa ferukemia, hata hivyo, haumo katika mapigano. Umo katika shaba.

Hadithi ya Mistborn inatukia katika himaya ambayo mfalme wake, anayeitwa Mtawala Mkuu, ameitawala kwa miaka 1,000. Amefuta historia, amezima lugha na amepiga marufuku dini zote isipokuwa ile inayomwabudu yeye. Dini hizo zimesahauliwa na wajukuu wa wajukuu wa waumini wake. Katika giza hilo, kikundi cha siri cha watu wa Terris wanaoitwa Wahifadhi kimejitwika jukumu la kukusanya na kutunza kila kitu ambacho watu walikijua kabla ya himaya: sheria, nyimbo, tiba, ramani, lugha na imani.

Wanaitunza elimu hiyo ndani ya shaba. Faida yake ni kubwa, kwa sababu kumbukumbu iliyo ndani ya metali haififii. Neno lililosikika miaka hamsini iliyopita hutoka kama lilivyoingia, pamoja na sauti ya aliyelitamka. Lakini gharama yake nayo ni kubwa: kumbukumbu ikishaingia ndani ya shaba, kichwani haimo tena. Mhifadhi aliyebeba maktaba nzima mikononi mwake anaweza kuulizwa swali dogo akabaki kimya, hadi atakapolichota jibu. Hulazimika kutunza faharasa ili ajue tu nini kimo katika pete ipi. Na akishaichota kumbukumbu, huanza kuchakaa kama kumbukumbu ya mtu yeyote, hivyo huitumia haraka na kuirudisha.

Hapa ndipo lile sharti la kwamba kibubu ni cha mwenyewe linapogeuka kuwa jambo zito. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuchota katika shaba ya mwingine, mzee anapokufa, yote yaliyomo katika pete zake hufa naye. Njia ya kuyaokoa ni moja tu. Mzee lazima akae na kijana, ayachote maneno na kuyatamka, na kijana ayasikilize na kuyaweka katika shaba yake mwenyewe. Kwa hiyo, pamoja na uchawi wote huo, elimu ya Wahifadhi bado inapita kutoka kinywa hadi sikio.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Anaijua jamii ambayo mashairi, nasaba na sheria za ardhi zilikaa vifuani mwa wazee, na anamjua mwalimu wa madrasa anayemsikiliza mwanafunzi akisoma kwa moyo, aya kwa aya. Anajua pia kinachotokea mzee anapofariki kabla kijana hajapata nafasi ya kukaa naye.

Na mkazi wa mjini analijua upande wa pili wa jambo hilo, yaani kukabidhi kumbukumbu kwa kifaa. Wengi wetu tulikuwa tukizijua kwa kichwa namba za simu za ndugu na marafiki. Leo zimo ndani ya simu, na simu ikizima tunabaki tukijikuna kichwa. Kibubu kimejaa, lakini mwenye kibubu hana kitu mfukoni.

Mwanya wa mtawala

Kama kila aliyejaza hupata alichojaza tu, imekuwaje mtu mmoja akaishi na kutawala miaka 1,000? Wale ambao hawajakisoma kitabu cha kwanza na wanakusudia kukisoma wanashauriwa kuiruka sehemu hii, kwa sababu jibu ndilo siri yake kuu.

Katika dunia hiyo hiyo kuna mfumo wa pili, unaoitwa alomansia, ambapo mtu humeza metali na kuichoma tumboni ili kupata nguvu. Huo hautozi kitu mwilini. Nguvu yake hutoka nje ya mtu. Upo pia mfumo wa tatu, wa kutisha, ambapo mtu mmoja huporwa uwezo kwa kuchomwa msumari wa metali na mwingine akaupata, na katika uporaji huo sehemu hupotea. Kwa maneno mengine, mfumo mmoja huleta faida, mwingine huleta hasara, na ferukemia husimama katikati, mizani ikiwa sawa.

Mtawala Mkuu alikuwa mtu wa Terris, jina lake Rashek, aliyezaliwa na ferukemia na baadaye akapata alomansia. Aligundua kwamba akiimeza na kuichoma metali aliyoijaza mwenyewe, akiba iliyomo hurudi ikiwa imezidishwa mara nyingi. Akaichukua nyongeza ile akaiweka katika kibubu kingine, na kuendelea hivyo. Kwa njia hiyo alihifadhi ujana ndani ya metali adimu iitwayo atiamu, na akabaki na uso wa kijana karne baada ya karne.

Lakini hata mwanya huo ulikuwa na deni lake. Umri wake halisi haukufutwa. Ulisukumwa mbele tu. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyolazimika kuchota ujana mwingi zaidi bila kukoma, kwa kuwa angeacha hata kidogo miaka yote ingemrukia kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa. Vin, msichana wa mitaani ambaye ndiye mhusika mkuu wa riwaya, alipozing'oa bangili zake, kijana yule alizeeka mbele ya macho yake.

Mtawala huyo aliogopa kwamba siku moja angezaliwa mtu mwingine mwenye mifumo yote miwili. Kwa hofu hiyo aliidhibiti mizazi ya watu wa Terris na kuwahasi wanaume waliotumwa kuwa watumishi wa majumba ya mabwana. Aliyejifungulia mlango wa riba aliwafungia wenzake hata mlango wa kuwa na watoto.

Si kama pete ya jini

Hadithi za metali yenye nguvu si ngeni. Katika ngano zilizosafiri kwa majahazi hadi pwani yetu, pete ikisuguliwa hutoka jini, na jini hufanya kila kitu. Fumo Liyongo wa hekaya za Waswahili hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyetumwa kuitumia. Huko Uingereza, J.R.R. Tolkien, katika The Lord of the Rings iliyotoka mwaka 1954 na 1955, alisimulia habari za bwana mwovu aliyemimina sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya pete ili awatawale wengine, na pete ilipoangamia akaangamia naye.

Ferukemia ina undugu na hadithi hizo, lakini imetofautiana nazo mahali pamoja. Katika ngano ya pete na jini, mwenye pete halipi. Masikini anaamka tajiri, na msikilizaji anafurahi kwa sababu ni ndoto. Sanderson aliiondoa ndoto hiyo akaweka daftari la hesabu.

Hakufanya hivyo kwa bahati. Mwaka 2007 aliandika insha iliyokuja kujulikana kama kanuni yake ya kwanza, inayosema kwa ufupi kwamba uwezo wa mtunzi wa kutatua matatizo ya hadithi kwa uchawi hutegemea jinsi msomaji anavyouelewa uchawi huo. Kama msomaji hajui kanuni, kila shujaa anapookolewa na nguvu za ajabu atahisi kwamba ametapeliwa. Kanuni yake ya pili inasema kwamba mipaka ya uchawi ina thamani kuliko uwezo wake, na ya tatu inamshauri mtunzi kukipanua alichonacho kabla ya kuongeza kipya.

Katika The Alloy of Law, riwaya ya mwaka 2011 inayotukia miaka ipatayo 300 baadaye, kanuni hizo zinaonekana kwa namna ya kuchekesha zaidi. Himaya imekwisha, reli na umeme vimeingia, na waliobaki na ferukemia wengi wana sifa moja tu kila mmoja. Wax, mlinzi wa sheria, huhifadhi uzito, hivyo siku nyingi huishi akiwa na robo tatu ya uzito wake. Rafiki yake Wayne huhifadhi afya. Kabla ya kazi ya hatari hulazimika kukaa akiumwa ili baadaye apigwe risasi na kuinuka. Mwandishi hakuwaongezea nguvu. Aliwapunguzia, kisha akawaacha wafikiri.

Akiba ambayo haikumsaidia mwenyewe

Mhusika anayebeba maana ya mfumo huu wote ni Sazed, Mhifadhi wa Terris ambaye fani yake ni dini. Katika shaba zake amehifadhi habari za dini zipatazo 300, zote zikiwa zimekosa waumini. Katika kitabu cha kwanza huwapendekezea marafiki zake, kwa upole, imani inayoweza kumfaa kila mmoja, kama muuza nguo anayempimia mteja kanzu. Yeye mwenyewe anaziheshimu zote.

Katika kitabu cha pili anampenda Tindwyl, Mhifadhi mwenzake, na Tindwyl anauawa katika vita vya kuutetea mji wa Luthadel. Katika vita hivyo Sazed anamimina akiba yake yote. Miezi ya udhaifu, ya mwendo wa kinyonga na ya macho yenye ukungu inateketea langoni mwa mji. Mwisho wa siku vibubu ni vitupu na mpenzi wake hayupo.

Kinachofuata katika kitabu cha tatu ni miongoni mwa mambo ya kweli zaidi kupata kuandikwa katika riwaya za aina hii. Sazed anavua pete na bangili zake. Anazipitia dini zake 300, moja baada ya nyingine, akitafuta ile itakayomhakikishia kwamba atamwona tena aliyempoteza. Katika kila moja anakuta kasoro, na kila moja anaifuta. Mtu aliyetunza faraja ya mataifa 300 hapati hata tone la kujifariji. Alikuwa ameiweka imani kama mtu anavyoweka fedha za wengine: kwa uaminifu mkubwa, bila kuigusa.

Mwisho wa hadithi unampa jibu ambalo hakulitarajia. Dunia inapoangamia, yeye ndiye anayekabidhiwa uwezo wa kuiumba upya, lakini hakuna aliye hai anayejua dunia ya zamani ilikuwaje. Ndipo anapozichota shaba zake. Dini moja iliyofutwa ilikuwa imewafundisha waumini kuchora ramani. Nyingine iliwafundisha kuzipima nyota. Nyingine ziliimba habari za rangi ya majani na maua ambayo macho ya watu wa himaya hayakuwahi kuyaona. Hakuna dini hata moja iliyokuwa na jibu lote, lakini kila moja ilikuwa imetunza kipande, na vipande vilitosha kujenga nchi na mbingu.

Ile akiba iliyoshindwa kumfuta machozi mtunzaji wake ilikuwa imewekwa kwa ajili ya watu wote. Lakini isingefaa kitu kama angeendelea kuitunza tu. Ilibidi itolewe.

Somo kwa msomaji

Wapo watakaouliza mtu mzima ana haja gani na hadithi za watu wanaohifadhi joto ndani ya bangili. Jibu ni kwamba mapatano hayo tunayafanya kila siku, ila hatuyaoni kwa uwazi huo. Kijana anayesoma usiku baada ya kazi anauza usingizi wa leo anunue cheti cha kesho. Mama anayejinyima chakula ili mtoto alipiwe ada anajaza kibubu ambacho si yeye atakayekivunja. Mfanyakazi anayetumia afya yake yote ujanani kutafuta fedha anagundua uzeeni kwamba fedha haziwezi kuirudisha afya kwa bei ile ile.

Ferukemia inatukumbusha mambo matatu kuhusu akiba. Kwanza, ina uchungu wakati wa kuiweka, na anayeahidi faida bila uchungu huo ama ni jini wa ngano au ni mtu wa kuogopwa kama Mtawala Mkuu. Pili, anayeichota kwa pupa hupoteza sehemu. Tatu, si kila kitu kinafaa kuwekwa. Aliyeiweka ari yake yote hana moyo wa kuishi leo, na aliyezikabidhi kumbukumbu zake zote kwa shaba hajijui.

Kuhusu kilichobaki, kila msomaji atajihesabia mwenyewe. Wahenga walikuwa na haki kusema kwamba akiba haiozi. Sazed, aliyesimama mbele ya dunia iliyoharibika na shaba zake mkononi, angeongeza neno moja tu: haiozi, lakini nayo ina siku yake ya kutumika.